Kaka Aliyechorwa Akilia

Jirani yetu mchora mabango aliumaliza ujana wake akichora vichwa kwenye kuta za vinyozi, na vichwa vya kinyozi, kama ujuavyo, havilii. Uzeeni akageukia nyuso zenye majonzi, akaandaa maonyesho katika ukumbi wa maktaba. Picha kubwa kuliko zote ilikuwa ya kaka yake, akilia jikoni juma lile alilofiwa na mkewe. Hakuwa amemwomba ruhusa.

Jioni ya ufunguzi mchoraji hakutulia. Mara aifunike picha kwa shuka, mara aifunue; alishika glasi ya maji asiinywe, macho yako mlangoni.

Kaka akaingia, akasimama mbele ya picha.

"Pua hii umeniongezea," alisema.

"Ni yako hiyo, kaka. Umeirithi kwa baba."

"Na machozi nayo nimerithi?"

Mchoraji akaisogelea picha. "Niiondoe sasa hivi?" aliuliza, mikono imeshashika fremu.

"Iache. Ukiitoa sasa, watu watauliza palikuwa na nini."

Kisha kaka akavuta kiti, akaketi ameipa picha mgongo, akawakabili wageni. Kila aliyetaka kuitazama ilimbidi kwanza amtazame yeye, amwamkie. Wengi walimpa mkono. Mdogo wake aliuzunguka ukumbi mpaka taa zilipozimwa, asijue kama amesamehewa, wala asithubutu kuuliza.