Eda na Unga wa Karafuu

Mume wangu alifariki miaka michache kabla ya uhuru, nikakaa eda nyumbani kwa mama mkwe wangu, Changamwe. Mjane hajipaki manukato wala hatoki ovyo. Lakini nyumba ile ilikuwa ikila kwa mshahara wangu, na shehe akaniruhusu niende kazini mchana, nirudi kabla ya magharibi.

Kiwandani tulitengeneza unga wa karafuu wa kutia kwenye biskuti na dawa ya meno. Mafuta ya karafuu yalikorogwa na maji na gundi ya mgunga mpaka yakawa meupe kama maziwa. Kisha yalipandishwa juu ya mnara wa bati, yakanyunyizwa ndani ya hewa ya moto. Maji yalikauka kabla ya kufika chini, na gundi ikayafungia mafuta katika chembe ndogo ndogo. Kazi yangu ilikuwa kuukwangua unga huo na kuujaza makoponi. Ukiwa mkavu haunuki sana. Ukipata maji tu, gundi huyeyuka na karafuu hufumuka. Nami nilitoka jasho kutwa.

Sikujua kwamba nanukia. Pua yangu ilikuwa imekwisha kuzoea.

Wifi yangu ndiye aliyeanza. "Wifi, wanukia! Kaburi halijakauka, ushamtafutia kakangu mrithi?"

"Wallahi sikujipaka kitu. Ni kazi."

"Kazi gani hiyo ya kumtia mjane uturi? Niandikishe na mimi!"

Mama mkwe hakucheka. Alinivuta mkono, akaunusa, akauachilia.

Nilioga, nikajisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawasha. Wifi akapiga kelele toka uani, "Wapika pilau humo bafuni?"

Nilimwomba nyapara anihamishie kwenye kubandika karatasi za makopo. "Mama," akasema, "langoni kuna wanawake wamesimama tangu asubuhi. Nimwite mmoja?" Nikarudi kwenye mnara.

Hitima ya arobaini ilipokaribia, nilimwambia mama mkwe kwamba nitaacha kazi, nikae na watu tumsomee mume wangu. Alikuwa akichagua mchele. Hakuinua uso.

"Tutakula nini?"

Niliketi kando yake, nikaanza kuchagua naye.

"Basi nenda kazini. Lakini siku ya hitima utakaa chumbani. Siwezi kuwaeleza watu harufu hiyo."

Siku yenyewe nilikaa kitandani, mlango umerudishwa. Nilizisikia sauti za wanawake zikisoma, nikamsikia mmoja akiuliza, "Na mkewe yuko wapi?"

"Mgonjwa," akajibu mama mkwe.

Sikuwa mgonjwa. Nilisimama, nikashika komeo, nitoke niseme. Kisha nikafikiri nitalala wapi usiku huo, nikaliachilia. Ilipoombwa dua niliitikia amina kwa sauti ya chini, wasije wakanisikia.