Siku Niliyobaki Paka Matangani Bigwa

Mkipita Bigwa mkasikia mtu mzima na ndevu zake anaitwa Nyau, naye akaitika, basi huyo ni mimi, na aibu yenyewe heri niwasimulie kwa mdomo wangu, maana wengine huongeza chumvi, na chumvi iliyomo inatosha.

Ilikuwa enzi za Mdachi, reli inajengwa kuja Morogoro na kambi ya wajenzi ipo Mikese. Mimi nilikuwa naishi juu mlimani, nashuka na ndizi na maharage kwenda sokoni, na kila nikishuka napumzika Bigwa kwa Bi Mwanamvua, kikongwe ambaye ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu. Nikifika namwambia, "Bado hujafa tu?" naye ananijibu, "Nakungoja wewe utangulie ukanitandikie," kisha ananipa uji. Basi akafa kweli, na kwa desturi yetu mtani ndiye anayekwenda msibani kumwigiza marehemu ili watu wacheke. Neno la mtani halina kesi, anaweza kumsema marehemu, wafiwa, hata jumbe, na atakayekasirika ndiye mwenye makosa. Ila kinga hiyo ni ya mchezoni tu, ukishasimama ukarudi kuwa mtu, maneno yako unayabeba mwenyewe.

Siku ya kuanua tanga ikafika, na mimi, badala ya kushika fimbo na kukohoa kama Bi Mwanamvua, jambo ambalo mtani yeyote angelifanya na akala pilau yake kwa amani, nikataka sifa. Nikaamua kuwa paka wake. (Hapo ndipo yote yalipoanzia, kwenye sifa.) Nikajipaka majivu usoni, nikafunga mkia wa majani makavu ya mgomba, nikaingia uwanjani kwa miguu minne nikilia nyau, na kusema kweli nilikuwa paka mzuri, watu walicheka hata walioshika sinia wakaziweka chini.

"Enyi wafiwa," nikasema, "mnalia nini ninyi, mfiwa ni mimi! Nani atanipa kichwa cha samaki? Mimi nina nyumba mbili, ya bibi na ya bintiye Zena hapo ng'ambo ya uwanja, lakini ile ya Zena nalala mchana tu."

Watu wakaniuliza kwa nini, maana mtani huulizwa. Mume wa Zena, Salehe, alikuwa amekaa mkeka wa mbele na buti zake za Mdachi na kiboko ubavuni. Alikuwa mnyapara kule relini, na alikuwa amejenga ukweni kama ilivyo kwetu, mume humfuata mke. Nikamtazama nikaona ametabasamu, nikasema huyu naye nimpe zake.

"Kwa sababu jioni buti zikisikika njiani," nikasema, "mimi huyoo, dirishani! Sisubiri salamu. Nakimbilia kwa bibi, na bibi naye akizisikia buti hizo anaacha uji jikoni, anashika mchi, anatwanga. Twii! Twii! Nachungulia kinuni nione leo tunakula nini, kinu kitupu! Jamani, mimi paka wa watu nimekula unga wa upepo mpaka nimekonda!"

Nilikuwa nimeyaona hayo kwa macho yangu zaidi ya mara moja, bakuli la uji mkononi. Paka anatoka dirishani mbio, kikongwe anatwanga kinu kisicho na kitu, na mimi nikajiambia uzee huo, nikaendelea kunywa. Sikujua lolote, wallahi. Nilidhani ni kichekesho.

Kicheko kikakatika. Nikazidisha nyau, nikatikisa mkia, wapi! Nikawaona wanawake wa jirani wanatazama mikeka, na yule mama mmoja aliyekuwa anacheka kuliko wote ameziba mdomo kwa kanga, na nikaelewa kwamba pale uwanjani mtu pekee asiyejua maana ya kinu kile ni mimi niliyekitaja.

Siyo peke yangu, alikuwapo na mwingine. Mzee Shomari, mjomba wake Zena, alikuwa ametoka ng'ambo ya mlima, mbali, na kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Akaniinamia kama mtu anayeongea na paka kweli.

"Paka," akasema, "kinu kilikuwa kitupu?"

"Kitupu, mjomba. Nyau."

"Na alitwanga mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kule kwa Zena kunyamaze," nikasema, na neno lenyewe nikalisikia likitoka, nikatamani kulirudisha.

Salehe akasimama. "Inuka wewe!" akafoka. "Inuka useme hayo kwa miguu miwili, kama mwanamume!"

Magoti yangu yalikuwa tayari yanainuka, maana mtu akiamriwa na mnyapara mwenye kiboko miguu hutii kabla ya akili. Kisha nikakumbuka. Nikisimama mimi si paka tena, ni mwuza ndizi aliyemsingizia mtu wa Mdachi mbele ya watu, na hukumu yake sote tunaijua, unalazwa kifudifudi unahesabiwa viboko. Nikajishusha taratibu, nikajilamba mkono.

"Mnyapara," Mzee Shomari akasema, "unagombana na paka?"

"Sigombani na mtu! Msiba umekwisha. Kesho mke wangu nahamia naye kambini Mikese, mama yake ndiye aliyekuwa anatuweka hapa."

Hapo kila mtu akafahamu. Hapa Bigwa alikuwapo angalau mtu wa kushika mchi, Salehe ajue kuna anayemsikia akimpiga mkewe, na huko Mikese hakuna ndugu hata mmoja. Mzee Shomari akageukia upande wa wanawake. "Zena, mwanangu, wewe unasemaje?"

Zena alikuwa amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Akainuka, akapita katikati ya watu, nikadhani anakwenda kumwandalia mumewe mizigo. Akaenda ukumbini kwa mama yake, akakitoa kinu uwanjani, akashika mchi kwa mikono miwili, akaanza kutwanga. Kitupu. Twii. Twii. Twii. Alitwanga bila haraka akimtazama mjomba wake, na kanga ikamwanguka kichwani, na sikio lake la kushoto tukaliona lilivyochanika. Hakuna aliyemwambia aache. Niliona haya siku ile kuliko siku nyingine yoyote, na wala si kwa ajili ya mkia.

Alipoweka mchi, Mzee Shomari akasema, "Zena haendi Mikese," akaketi. Ndiyo hukumu nzima.

Wanawake wale waliokuwa wanatazama mikeka wakainuka wote kwa pamoja, wakaingia nyumbani kwa Zena, wakatoa vitu vya Salehe, sanduku lake, mkeka wake, birika, wakavipanga njiani vizuri kabisa kama vya harusi. Na Salehe, kwa kuwa hakuweza kugombana na ukoo mzima, akakaa juu ya sanduku lake akinisubiri mimi. Kiboko magotini, anangoja nisimame.

Basi jamani nikabaki paka. Pilau ikaliwa, nami nikaletewa kichwa cha samaki mkavu kwenye jani, nikakila chini kwa mdomo. Watoto wakanivuta mkia. Kuku akanidonoa. Mvua kidogo ikanyesha, majivu yakaniingia machoni, na nikiwa ninatambaa kwenda kujikinga, makalio juu, nikamkuta mama mkwe wangu mwenyewe mlangoni, mama ambaye mbele yake sijawahi hata kutafuna. Tukatazamana. Nikasema nyau, ningesema nini? Akajifunika uso akapita, na mpaka leo hatujalizungumza.

Jua lilipopinduka kwenda mlimani Salehe akachoka, akajitwika sanduku akashika njia ya Mikese. Hata hapo sikusimama. Nilitambaa mpaka nyuma ya jiko, ndipo nikajinyoosha nikishika ukuta, mgongo unalia kama mlango. Zena akanikuta pale na kata ya maji, akaninawisha mikono na uso. Nilitaka kumwomba radhi kwa yale niliyoyafanyia mzaha, akanitangulia.

"Mtani," akasema, "mwaka mzima nilikuwa najiuliza, watu wote hawa wanasikia, ni nani atakayesema. Sikudhani atakuwa na mkia."

Nimeapa sitakuwa mnyama tena msibani kwa mtu, niwekewe pilau, niwekewe ng'ombe mzima. Na nikipita mahali jioni nikasikia kinu kinatwangwa, naweka mzigo chini, nasogea, nachungulia ndani kuna nini.