Rundo la Jumamosi

Mtaani walimwita Fundi Maji, na kwa sababu ya jina hilo watu walimletea mabomba yanayovuja. Mara nyingi alifungua mlango akamkuta jirani ameshika koki iliyokatika, naye akalazimika kueleza upya kwamba yeye ni mchapaji, mabomba hayajui. Jina lilitoka kazini. Hakuchoka kuwaambia waliojifunza kwake kwamba uchapaji ni maji kwanza, wino baadaye. Wengi walicheka. Wino ndio unaoonekana, wino ndio unaochafua mikono. Nani atayasifu maji?

Lakini ndivyo ilivyo. Bamba la mashine ya ofseti ni bati jembamba, laini kama ukucha. Hakuna herufi iliyoinuka wala iliyochimbwa. Penye picha panapenda mafuta, na kwingine kote kunapenda maji. Rola ya maji inapita kwanza, ya wino inafuata. Wino ni mafuta, na mafuta na maji ni wake wenza wasiokaa chumba kimoja: wino unapakimbia palipolowa, unakwenda kukaa kwenye picha tu. Na bamba lenyewe haliigusi karatasi. Linaupa picha mpira uliozungushwa kwenye silinda, na mpira ndio unaoikabidhi karatasi. Maji yakipungua, wino unapanda kila mahali na karatasi inatoka imechafuka kama uso wa mtoto aliyekula bila mkubwa wa kumtazama. Yakizidi, rangi inapauka. Kati ya kupungua na kuzidi pana upana wa unywele, na kwa zaidi ya miaka thelathini Fundi Maji alikuwa akitembea juu ya unywele huo bila kuanguka.

Jumamosi moja mchana, akiwa nyumbani anakula, mkono wake ulisimama katikati ya sahani na mdomo.

"Poda," alisema.

Mkewe alimtazama. "Poda gani? Umeanza kujipaka uzeeni?"

Hakucheka. Tonge lilirudi sahanini.

Karatasi ikitoka mashineni wino wake bado ni mbichi, na inayofuata inakuja kuilalia. Ndiyo maana juu ya mahali karatasi zinapoangukia pana kichupa kinachopuliza poda nyeupe, laini kama unga. Chembe zake huzitenganisha karatasi kidogo tu, kiasi cha hewa kupita. Bila poda, wino wa karatasi ya chini unahamia mgongoni mwa ya juu, na kadiri rundo linavyozidi kuwa zito ndivyo zilizo chini zinavyokandamizwa.

Zamani kosa hilo lilikuwa na dawa. Bosi mkubwa, Mungu amrehemu, alikuwa na treya za mbao. Karatasi zilipangwa kidogo kidogo, kila tabaka na treya yake, hakuna iliyobeba uzito wa mwenzake. Bosi mdogo, mwanawe, aliporithi kiwanda aliona treya zinajaza nafasi. Sasa ni banda la kuku la shemeji yake. Kuku wanalala pazuri kuliko kazi za watu.

Aliyemfundisha Fundi Maji hakuwa na cheti cha kutundika ukutani. Alikuwa na maneno matano na vidole vitano: maji, wino, hewa, poda, karatasi. Kidole gumba kinapita juu ya vidole kimoja baada ya kimoja, kisha kinafumbwa ndani ya ngumi, na kabla ngumi haijafumbwa mashine haiwashwi. Siku hizi mtu anabonyeza kitufe, anajiita mchapaji, na kitufe kikikataa anapiga simu. Enzi zile uliyashika maneno yako mwilini, ukalala nayo na kuamka nayo.

Asubuhi ya siku ile alikuwa amefika kwenye hewa. Kidole gumba kilikuwa juu ya kidole cha tatu pale bosi mdogo alipoingia na mteja.

"Huyu ndiye mzee wetu," bosi mdogo alisema. "Na mashine hii ina umri kunishinda mimi."

Mteja alikuwa mchapishaji wa vitabu vya shule. Kazi yenyewe ilikuwa jalada la kitabu cha kwanza cha kusoma: mtoto ameinamia kitabu, na nyuma yake buluu nzito iliyofunika karibu karatasi nzima. Mashine ilikuwa ya rangi moja, kwa hiyo wiki nzima karatasi zilikuwa zimepita na kurudi, kila rangi na bamba lake. Ilibaki hiyo buluu tu. Upande wa ndani ulitakiwa uwe mweupe kabisa, mahali pa mtoto kuandika jina lake. Mteja aliuliza swali, likazaa swali, Fundi Maji akajibu kwa adabu, wageni wakaondoka. Akawasha mashine.

Je, alirudi kwenye kidole cha tatu, au alirukia ngumi?

Alikumbuka vizuri kwamba katikati ya kazi, aliposimama kuongeza karatasi, alifungua koki ya poda akasikia inavuma. Lakini alikuwa anaifungua tena baada ya kuifunga, au ndiyo kwanza anaifungua? Hapo kumbukumbu ilikuwa kama bamba lililokosa maji: kila kitu kimejaa wino, hakisomeki.

"Shati langu la asubuhi liko wapi?"

"Kwenye kamba."

"Umeshalifua?"

"Ulitaka nilitunze kama picha ya harusi?"

"Lilikuwa na poda mabegani?"

"Baba watoto," mkewe alisema, sasa polepole, "mashati yako yana poda tangu uliponioa. Nalala na mtu kama aliyetoka kusaga unga. Leo ndiyo unaniuliza?"

Hata lingekuwa na poda, shati lisingesema ni ya tangu mwanzo au ya katikati.

Bosi mdogo alikuwa ameshasema mbele ya watu wote: mteja huyu ndiye pekee aliyebaki anayehitaji mashine kubwa. Kazi ikirudishwa, mashine inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na anayeiendesha anakwenda kwake kupumzika. Hilo lilikuwa zito la kutosha. Lakini silo lililomkosesha usingizi. Alikuwa anamfikiria kaka yake.

Kaka yake mkubwa alikuwa fundi cherehani. Siku moja alishona suruali nzima, miguu yote miwili, cherehani bila uzi. Akaikunja, akaipiga pasi, akamkabidhi mwenyewe. Suruali ilifumuka vipande vinne mikononi mwa mteja, na watu walicheka mpaka wakashika kuta. Kaka mtu naye alicheka. Ndivyo kusahau kwake kulivyoanza.

Jumapili alikwenda kumwona. Kaka alikuwa anaishi kwa binti yake, na binti alimpokea mlangoni kwa sauti ya chini. "Shikamoo, baba mdogo. Leo yuko mzima mzima, ila hajataka kuvaa viatu."

"Marahaba, mwanangu. Amekula?"

"Amekula, halafu ameuliza atakula lini."

Kaka alikuwa ameketi karibu na dirisha. Alimtazama mdogo wake kwa heshima, jinsi mtu anavyomtazama mteja mgeni, akamwita kwa kidole. Akaushika mkono wa shati, akaupitisha mshono kati ya kidole gumba na cha pili, taratibu, mpaka mwisho.

"Aliyekushonea hili amekuibia," alisema. "Njoo kesho. Suruali yako itakuwa tayari."

"Nitakuja, kaka."

"Usije na maneno mengi. Mimi sisahau kazi ya mtu."

Fundi Maji aliaga akatoka. Kilichomtisha ni vile vidole. Vilikuwa bado vinajua kila kitu. Kumbe vidole vinaweza kubaki na mwenyewe akaondoka.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda kiwandani, na mlinzi akamfungulia huku akinung'unika kwamba hata vyuma vina siku ya mapumziko.

Rundo lilikuwa kwenye kona, juu ya ubao wake, limefika kiunoni. Harufu ya wino ilijaa chumba kizima. Alilaza kiganja ubavuni mwa rundo akasikia joto. Wino mzito ukikauka huwa na joto, na rundo likawa kama mgonjwa anayetoka jasho la homa. Kisha akagusa karatasi ya juu kwa ncha ya kidole. Ilikuwa na chembechembe. Poda ipo.

Haikumsaidia. Juu ndiko mwisho wa kazi, na mwisho hakuwa na shaka nao. Mwanzo ulikuwa chini kabisa, umebeba wenzake wote. Angeweza kuinua aone, lakini karatasi za buluu mbichi huziinui. Zikisuguana tu umezimaliza mwenyewe, na huenda zilikuwa salama. Alichuchumaa akautazama ukingo wa chini, mistari myeupe iliyobanana, haisemi neno.

"Fundi," mlinzi alimwita kutoka mlangoni, "unaliombea dua au linakudai?"

"Vyote viwili."

Jumatatu alifika kabla ya kila mtu, isipokuwa Mama Kisu. Huyo alikuwa mkata karatasi, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya mbeba mizigo na ulimi unaokata kuliko mashine yake. Walikuwa wametaniana miaka mingi kiasi kwamba wageni walidhani ni maadui.

"Umekuja kunifundisha kazi?" aliuliza.

"Nimekuja kutazama."

"Mwanaume akisema amekuja kutazama tu, funga sanduku."

Alianza kuchukua karatasi kutoka juu, mafungu ya kushikika kwa mikono miwili, akizipepea ili hewa iingie, akizigonga pembeni zikae sawa, akizisukuma chini ya kisu. Zilikuwa safi. Fungu la pili safi, na lililofuata, na lililofuata. Buluu imekaa imara, mgongo mweupe pe. Fundi Maji alimsimamia begani, akishusha pumzi kila fungu linapogeuzwa na kuivuta tena kabla ya linalofuata.

"Ukiendelea kunipumulia hivi nitajikata kidole, halafu ukaeleze kwa mume wangu."

Rundo lilifika magotini. Likashuka mpaka vifundoni mwa miguu. Alianza kujiruhusu kuamini. Mama Kisu aliinama, akapenyeza vidole, akainua.

Karatasi ziliachana kwa sauti, kama plasta inayobanduliwa kwenye ngozi.

Wote wawili waliisikia. Mama Kisu hakutania. Aligeuza ya juu kati ya zile alizoinua. Mgongoni, mahali pa mtoto kuandika jina lake, palikuwa na ukungu wa buluu, na katikati yake umbo jeupe la mtoto anayesoma, amegeukia upande usio wake.

"Mpaka chini?" Fundi Maji aliuliza.

Mama Kisu aliinua nyingine. Sauti ileile. "Mpaka chini."

Basi alirukia ngumi. Sasa alijua.

Kilichoiokoa kazi ni tabia ya kizee. Wachapaji wa zamani walichapa na za ziada kwa ajili ya kuharibika, na Fundi Maji aliweka za ziada nyingi kuliko bosi mdogo alivyopenda. Wiki iliyopita tu walikuwa wamegombana, bosi akimwambia anatupa karatasi kama anatupa maganda. Walihesabu zilizo nzima. Zilitosha. Zilibaki chache za kushika kwa mkono mmoja.

Mama Kisu alizibeba mbovu akazisukumia chini ya gunia la mabaki. "Bosi hachungulii mabaki," alisema. "Usinitazame hivyo. Kila fundi husahau."

"Mimi sijawahi."

"Ndiyo umeanza leo. Karibu kwa binadamu."

Alitaka kumwambia juu ya suruali iliyofumuka vipande vinne, akashindwa pa kuanzia. Na pengine Mama Kisu aliona kitu usoni mwake, maana alimwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku Fundi Maji alipofiwa, akauondoa haraka akarudi kwenye kisu chake.

Bosi mdogo aliingia saa mbili, akachukua jalada moja, akaligeuza mbele na nyuma mbele ya dirisha. Akapiga simu pale pale, akicheka na mteja. Alipokata simu alimpiga Fundi Maji mgongoni.

"Nilijua tu, mzee. Wewe mashine hii unaiendesha hata ukiwa umelala."

Fundi Maji alisema ahsante.

Kazi iliyofuata ilikuwa inasubiri. Alifunga bamba jipya, akaifuta mashine, halafu badala ya kuiwasha akaenda rafuni akachukua brashi nyembamba na kopo la wino mweusi. Ubavuni mwa mashine, usawa wa macho yake, pale pasipofikiwa na mafuta, akaandika kwa herufi kubwa, moja chini ya nyingine: MAJI. WINO. HEWA. PODA. KARATASI. Herufi zilikaa sawasawa kama zimechapwa.

Mama Kisu alisimamisha kisu. "Hizo za nani? Mashine hiyo haiguswi na mwingine ila wewe."

"Kuna mgeni anakuja."

"Bosi ameajiri mtu?"

"Hapana. Atakuja na vidole vyangu hivi hivi."

Mama Kisu aliyatazama maandishi, kisha akamtazama yeye.

Fundi Maji alifunika kopo, akasimama mbele ya maandishi yake. Alilisoma neno la kwanza kwa sauti, polepole, kidole gumba kikiwa juu ya kidole cha kwanza, kisha akafungua maji.