Mkunga anayewakalisha wazazi na watoto darasa moja la kubalehe

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumamosi. Darasa la tano halina wanafunzi, lakini viti haviishi kuhama. Mwanamke mwenye viatu vya raba anavivuta kutoka ukutani, anavipanga duara, anarudi nyuma hatua tatu, anatazama, kisha anavivuruga na kuvipanga upya viwili viwili, kila kimoja ubavuni mwa mwenzake.

"Usiwakalishe wakitazamana," anasema bila kuinua kichwa. "Mtoto ukimkodolea macho haulizi kitu. Mkae ubavu kwa ubavu, nyote mtazame mbele, utasikia maneno."

Anatoka kuchungulia lango la shule. Anarudi. Anahesabu viti: thelathini na vinne, yaani familia kumi na saba. Anatoka tena.

Ni mkunga wa kituo cha afya kilicho mitaa miwili kutoka hapa, ana miaka hamsini na mmoja, na watoto wanamwita Sista Kiguu. Ni kifupi cha kiguu na njia, jina alilobandikwa na wauguzi wenzake kwa sababu hajui kutulia. Hata mahojiano ya makala haya tuliyafanya tukitembea, mwandishi akihema nyuma yake na daftari mkononi.

Kila baada ya wiki mbili anaendesha darasa la kubalehe kwa watoto wa miaka tisa hadi kumi na tatu. Hatozi kitu, ila ana sharti moja: mtoto haingii bila mtu mzima wake. Awe mama, baba, bibi, mjomba, yeyote anayelala naye chini ya paa moja.

Kufika saa tatu na nusu viti vimejaa, isipokuwa kimoja. Mwenye kiti hicho, fundi bomba mwenye kofia ya kazini, amesimama mlangoni huku binti yake wa miaka kumi na moja ameshakaa peke yake, ameinamisha kichwa.

"Mimi nimemleta tu, Sista," anasema. "Mama yake yuko kazini. Nitamsubiri hapo nje."

"Wa kuleta tu hatunao hapa, baba. Tunao wa kukaa."

"Haya ni mambo ya kina mama."

"Basi ndiyo maana nimekuwekea kiti, uje uyasikie."

Watu wanacheka. Fundi anakaa, kofia kapakata, mguu mmoja ukigonga sakafu.

Somo la kwanza ni majina. Sista Kiguu anaonyesha kwenye picha kubwa ya mwili, na wakubwa kwa wadogo wanatakiwa kutamka kwa sauti kila kiungo kwa jina lake. Watoto wanamaliza haraka, wakifinyana na kuchekeana. Wakubwa ndio wanaokwama. Bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake wa kiume anajifunika uso kwa mtandio.

"Mwanangu, mimi nimezaa saba," anasema, "na neno hilo sijapata kulitamka hata siku moja!"

"Na hao saba walipitia wapi, mama?"

Darasa zima linaangua kicheko, na bibi anacheka kuliko wote. Anashusha mtandio. Analitamka. Mjukuu wake anaziba masikio.

Baada ya hapo mambo yanakwenda mbio. Sauti ya mvulana kukatika katikati ya sentensi. Chunusi. Jasho la kwapani na kwa nini sabuni ya jana haitoshi tena. Ndoto nyevu, ambayo anaieleza taratibu mpaka mvulana wa mstari wa nyuma anashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Kisha hedhi. Pedi zinapitishwa kutoka mkono hadi mkono, wavulana nao wanazishika, na bakuli la maji linaletwa ili kila mtu aone pedi inavyofyonza.

Kazi hii haijamwendea kirahisi. Mwaka jana wazazi ishirini na wawili walimwandikia mwalimu mkuu kwamba mkunga huyu "anawafungua watoto macho kabla ya wakati". Darasa likafungwa miezi miwili. Hakugombana na mtu. Aliomba apewe asubuhi moja tu na wenye barua, bila watoto.

"Walikuja kumi na mmoja," anasema. "Niliwauliza swali moja: wewe ulijulia wapi? Mmoja alisema chooni, shuleni. Mwingine kwa kaka yake aliyemdanganya. Mama mmoja akaanza kulia. Hakuna hata mmoja aliyesema kwa mama, wala kwa baba."

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alifungua mlango, ila kwa majaribio hadi mwisho wa muhula huu. Mpaka leo, kila simu ikilia Sista Kiguu anashtuka, akidhani ni mwalimu mkuu.

Ili kupata Jumamosi hizi alipunguza zamu kutoka sita hadi nne kwa wiki, na theluthi ya mshahara ikaenda nazo. Ukimuuliza kwa nini, anakwepa. Anaongeza mwendo. Anazungumzia choo cha shule kisicho na komeo. Ilibidi tumfuate hadi siku ya tatu ndipo alipojibu, akiwa amesimama nyuma ya kituo cha afya, mapumziko ya chai, kikombe kikipoa.

Miaka kumi na moja iliyopita mama yake mzazi alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Alimuuguzia nyumbani. Binti yake, wakati huo ana miaka kumi na moja, alikuwa akisikia kila kitu kupitia ukuta: damu imezidi leo, damu haikatiki, hatafika mwisho wa mwezi.

Miezi minne baada ya mazishi, binti huyo aliona damu kwenye nguo yake ya ndani.

"Mimi, mkunga! Nilikuwa nawafundisha wake za watu tangu asubuhi mpaka jioni," anasema. "Mwanangu sikuwahi kumwambia neno hata moja. Nilijiambia bado mdogo. Nilijiambia mwakani."

Mtoto aliamini amerithi ugonjwa wa bibi yake. Hakumwambia mtu. Alifua shuka mwenyewe kabla wengine hawajaamka. Viatu vyake vipya alimpa binamu yake, na madaftari yake akayafunga kwa kamba na kuyaandika jina la mdogo wake. Asubuhi ya pili alimfuata mama yake mlangoni.

"Aliniuliza, 'Mama, bibi aliumia sana mwishoni?' Nilikuwa nimechelewa zamu. Nikamjibu, 'Bibi amepumzika, usiwaze hayo,' nikaenda zangu. Nilikuwa natembea huku namjibu. Mimi ndiye huyo."

Siku ya nne shangazi wa mtoto, aliyekuwa akiishi nao, alimkuta anafua, akaona damu, akamuuliza. Mtoto akamwambia kwa sauti ya chini asimwambie mama, maana mama bado anamlilia bibi. Shangazi akamwambia, "Hiyo ni hedhi," na jioni akamweleza mama yake yote.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Sista Kiguu hapendi msemo huo. "Huo ni wa kujifariji," anasema. "Mtoto wangu aliishi siku nne akijua anakufa, na dawa yake ilikuwa maneno matatu kinywani mwangu."

Darasani, saa tano inakaribia. Ni zamu ya maswali. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, ameandika lake kwenye karatasi isiyo na jina, na yote yamechanganywa. Mengine yanachekesha: je, ndevu zikinyolewa zinakasirika? Mengine yanauma. Sista Kiguu anakunjua karatasi moja, kisha anasoma.

"'Nikipata hedhi baba akajua, atanichukia?'"

Hakuna anayecheka. Mguu wa fundi bomba umeacha kugonga. Hamtazami binti yake. Anatazama mbele, kama alivyoelekezwa.

"Naweza kujibu hilo?" anauliza.

"Jibu, baba."

"Hachukii." Anakohoa. "Anaogopa tu. Mimi maji ya watu nayafuatilia mpaka chini ya sakafu, lakini nyumbani kwangu mambo haya sikujua pa kuanzia. Kwa hiyo nilinyamaza. Kunyamaza si kuchukia." Anageuza kofia mkononi. "Aliyeandika, yeyote yule, amwambie baba yake. Baba huyo ataenda dukani mwenyewe kununua pedi."

Binti yake anasogeza kiti, kidogo tu, mpaka vyuma vya viti vyao vinagusana.

Dukani huko ndiko anakofanya kazi binti wa Sista Kiguu, ambaye sasa ana miaka ishirini na miwili. Anauza dawa, na anasema kina baba wanaotumwa pedi anawajua kwa mbali. "Wanaomba kwanza dawa ya kikohozi," anacheka. "Halafu wanakohoa kweli."

Kwa miaka yote hiyo mama na binti hawakuwahi kuizungumzia ile wiki. Binti alijua darasa lipo, hakuwahi kukanyaga. Mwezi uliopita, wakichambua mchele, aliuliza ghafla: "Mama, wote hao unawaambia. Mimi kwa nini hukuniambia?"

Sista Kiguu alisimama kwenda kuangalia sufuria. Jikoni hakukuwa na sufuria yoyote motoni.

Binti hakugomba. Alisema tu kwamba darasa lijalo, somo la hedhi atalifundisha yeye, na atasimulia ile wiki yote, viatu na madaftari na kila kitu. Mama yake atakaa upande wa wazazi, na swali lile litaulizwa tena mbele ya watu.

Mpango wa Sista Kiguu kwa muhula ujao, mwalimu mkuu akikubali, ni kufungua darasa la kina baba peke yao, na fundi bomba ameshaahidi kuwaleta wenzake wanne. Lakini ukimuuliza anachokiwaza sasa hivi, si hicho.

"Nimepokea watoto zaidi ya elfu tatu, wala sijawahi kuogopa," anasema. "Jumamosi hiyo naiogopa. Ila sitainuka. Hata akiniuliza mpaka jua lizame, nitakaa pale pale."