Mchango Uliokuwa Mkubwa Mno

Shemeji yangu, mume wa dada, ana kiti ambacho hakikaliwi na mtu mwingine. Kipo chumba cha nyuma, mbele ya meza iliyotiwa kipande cha tofali chini ya mguu mmoja, na juu ya kiti kuna mto ambao hata mkewe haufui bila ruhusa. Siku za kazi huenda ofisi ya maji kutengeneza printa za watu walioshindwa kuchomoa karatasi iliyokwama. Akirudi, anakalia kile kiti na kugeuka mfalme. Ufalme wenyewe ni programu ya kompyuta.

Nimtendee haki kidogo, maana sitarudia. Programu aliitengeneza mwenyewe, dada alipoanza kazi kwenye duka la dawa na kuchoka kuhesabu chupa kwa kalamu. Ukiuza dawa, inapunguza stoo. Dawa ikikaribia kuharibika, inakuonya. Kisha akaiweka mtandaoni iwe programu huria: yeyote aichukue bure, aifungue aone ilivyoundwa ndani, na akiona pa kurekebisha, arekebishe na kumtumia. Marekebisho yaingie au yasiingie, anaamua yeye. Maduka ya dawa ya nchi nyingi yakaichukua, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba.

Kwenye ukurasa wake aliandika kwa herufi kubwa: KARIBUNI WOTE. Uongo mtupu. Aliyekuja kusahihisha herufi moja alishukuriwa hadharani kama aliyejenga daraja. Aliyekuja na jambo la maana alihojiwa mpaka akajuta kujua kusoma. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Shemeji alitaka mgeni aje, apige makofi, aondoke.

Sasa sisi dukani tulikuwa na shida, nami naijua kwa sababu nauza kaunta moja na dada. Duka lilipanuka, tukaletewa kompyuta ya pili, lakini programu ilijua kufanya kazi na kompyuta moja tu. Tukiuza wote wawili kwa wakati mmoja, anayehifadhi mwisho anafuta mauzo ya mwenzake. Skrini inasema dawa ipo, rafu inasema haipo. Siku moja nilimwambia mama mmoja mwenye mtoto anayechemka kwa homa kwamba dawa ipo. Akalipa. Nikaenda rafuni nikakuta vumbi. Alinitazama kama mwizi, na mwenye duka alikuwa amesimama pale pale.

"Hii programu ya mumeo," mwenye duka akamwambia dada, "isipopona mwezi huu, naing'oa. Nanunua nyingine."

Dada akaendelea kupanga chupa. Wanawake wengine, mume akipenda, huletewa kabati. Yeye aliletewa programu, na aliionea fahari. Jioni ile alimweleza mumewe kila kitu.

"Msifungue kompyuta zote mbili kwa pamoja," shemeji akasema.

"Ya pili tuitumie kama kioo?" nikamuuliza. Akaniona sina adabu.

Riziki ikaja yenyewe. Mtaalamu mmoja wa kompyuta wa nchi nyingine, ambaye picha yake ukurasani ilimwonyesha amepakata watoto wawili, naye alikuwa na shida hiyo hiyo kwenye zahanati anayoihudumia. Mimi na dada tukambandika jina la Mama Mapacha. Aliandika upya sehemu nzima ya stoo ili kompyuta hata kumi zifanye kazi bila kufutiana, akaijaribu zahanatini, ikakubali, akamtumia shemeji. Ilikuwa mistari elfu kadhaa, na yote bure.

Shemeji akajibu: "Mchango ni mkubwa mno. Siwezi kuusoma hivi. Ukate vipande."

Hapo hata mimi nilimkubalia, mzigo haumezwi wote kwa mkupuo. Mama wa watu akaukata, kila kipande na maelezo yake. Shemeji akajibu: "Vipande ni vingi mno. Sioni picha nzima." Nilipomsomea dada pale kaunta, alicheka bila sauti hadi akashika rafu.

Kisha lawama ikawa nafasi tupu mwanzoni mwa mistari: mama anaacha mbili, shemeji anaacha nne. Mama akarekebisha. Kisha kimya, eti mzee anatafakari. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yaliyoumia yalikuwa yetu sisi wa kaunta. Wakati huo watazamaji wakajaa ukurasani, watu ambao hawajawahi kuchangia hata nukta, wakibishana kuhusu falsafa ya mradi. Sijawahi kuona wavivu wakijituma vile.

Dada akashindwa kuvumilia. Tulikuwa mezani tunakula.

"Baba watoto, kazi ya yule mama ina kosa gani?"

"Haina kosa."

"Sasa?"

"Nikiipokea, nusu ya programu itakuwa yake. Pakiharibika kitu, nani ataielewa?"

"Si yeye?"

Shemeji akaweka kijiko chini. "Ndicho ninachosema."

Nikamwangalia dada, dada akaangalia sahani yake. Kumbe tatizo halikuwa ukubwa wala vipande. Mwanamume mzima, anaogopa mgeni atakijua chumba kimoja cha nyumba yake vizuri kuliko yeye!

Kabla hatujaondoa vyombo alikuwa amefunga mjadala kule ukurasani, akimwandikia yule mama: "Asante kwa moyo wako. Mradi una mwelekeo wake." Mama Mapacha hakutukana. Alichukua nakala, kama programu huria inavyomruhusu mtu yeyote, akaweka kazi yake ndani, akaendelea kivyake. Shemeji alicheka mpaka mto ukadondoka.

"Atachoka tu. Na watoto wawili wale!"

Mwezi ukaisha, mwenye duka hakung'oa kitu. Shemeji alipopita siku moja kutengeneza printa yetu, duka lilikuwa limejaa, mimi nauza huku, dada anauza kule, hakuna anayemfutia mwenzake. Mwenye duka akampa mkono.

"Bwana, siku hizi programu yako inatenda kazi."

"Niliwaambia," shemeji akasema, kifua mbele. "Shida haikuwa programu. Ni watumiaji, wanachelewa kuelewa."

Nilimwacha aseme. Kuna watu ukiwakatiza unawanyima nafasi ya kujiaibisha vizuri. Akainama kwenye kompyuta ya dada aamuru printa itoe karatasi, na macho yake yakashuka hadi sehemu ya chini ya skrini. Jina lake lilikuwepo, la kwanza kabisa: mwanzilishi. Chini yake iliandikwa kwamba programu inatunzwa na Mama Mapacha, kwa jina lake halisi, pamoja na wenzake, na wenzake hao hawakuwa wachache.

Alikaa vile ameinama.

"Mmeiweka lini hii?"

"Kesho yake, baada ya wewe kuweka kijiko chini," dada akasema, akihesabu vidonge bila kuinua kichwa. "Ile yako ilikuwa ing'olewe. Hii angalau ina jina lako."

Baba mmoja akaulizia dawa ya homa ya mtoto. Dada akaangalia skrini, akasema ipo, akanyoosha mkono rafuni, na ilikuwepo.

"Baba watoto," akasema, "sogea kidogo. Unazuia wateja."