Injini Iliyohamia Nairobi

Baba yangu aliendesha pampu ya maji ya kijiji chetu, chini kidogo ya Garsen, tangu kabla sijazaliwa. Pampu ilisukumwa na injini kubwa ya dizeli, yenye gurudumu la chuma lililonizidi kimo nilipokuwa mdogo. Baba aliizungusha kwa hendeli mpaka ikashika, kisha ikapiga taratibu, duku, duku, na sauti ikafika hadi mashamba ya mwisho ya mpunga. Mama akiisikia tu, huchukua jembe na kwenda kufungua mfereji wetu.

Kisha mto ukahama. Watu wa mbali hawaniamini nikisema hivyo, lakini Tana huhama. Mafuriko yalipopungua tulikuta umejichimbia njia nyingine mbali na sisi. Mbele ya pampu palibaki tope, baadaye nyasi, na Waorma wakaleta ng'ombe wao kulisha hapo. Mama akafariki. Baba hakuacha kwenda kwenye kile kibanda. Aliipaka injini grisi na kuifunika turubai, ingawa hapakuwa na maji ya kuvuta.

Alipoanza kusahau, alisahau watu kwanza. Mimi aliniita dada yake, siku nyingine mwalimu. Injini aliijua.

Ndipo likaja lori la makumbusho ya taifa ya mitambo, pamoja na mama mmoja mpole aliyekuwa msimamizi. Kikundi cha wakulima kilichoimiliki kilikuwa kimeshakubali itolewe, nami sikuona ubaya, maana wauza vyuma chakavu walikuwa wameanza kuizungukazunguka. Walipokuwa wakiinyanyua kwa winchi, baba alimsogelea yule mama.

"Inakwenda kutengenezwa?"

"Inakwenda kutunzwa, mzee. Watu wa nchi nzima wataiona."

"Na itarudi kabla ya kupanda?"

Yule mama alinitazama. Nikamsogeza baba mbali na winchi.

Baada ya hapo baba alikuwa akienda kukaa kwenye saruji tupu, penye boliti zilizobaki, mkebe wa grisi mapajani. Nikimfuata kwa chakula ananiambia fundi amechelewa. Sikuweza kuendelea kuona hali ile. Nikamvalisha kanzu yake ya kanisani, ile aliyoivaa kwenye kwaya, tukapanda basi hadi Nairobi.

Injini ilikuwa katika ukumbi mkubwa, imepakwa rangi ya kijani, inang'aa, imezungushiwa kamba. Baba aliipita. Nilimrudisha, nikamwambia ni ile yake. Aliitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa nyumba ya mwenzake.

"Nzuri," akasema. "Ya nani?"

Yule msimamizi alitutambua, akaja kutusalimia. Kando ya injini palikuwa na kitufe cha kuwasikilizisha wageni namna injini za aina ile zilivyokuwa zikipiga. Akakibonyeza. Sauti ikatoka ukutani, duku, duku.

Baba aligeuka. Uso wake ulirudi wote kwa mara moja, uso wa baba yangu niliyemkosa kwa muda mrefu.

"Maji yanakuja," akaniambia. "Kimbia, mwambie mama yako afungue mfereji."

"Ameshafungua, baba."

"Yuko shambani?"

"Yuko shambani."

Akatabasamu, akawa anatikisa kichwa kufuatana na mapigo. Sauti ikafika mwisho, ikanyamaza. Akauliza ni nani aliyezima. Msimamizi akabonyeza tena, halafu tena, huku wanafunzi waliokuja kutembea wakisimama kututazama. Wakati wa kufunga ulipofika baba alikataa kuondoka. Mashine inapiga, alisema, haiachwi peke yake. Yule mama akamshika mkono.

"Mzee, mpunga umeshiba maji. Mkeo amesema inatosha kwa leo."

"Amesema yeye?"

"Amesema yeye."

Basi akakubali. Msimamizi alitusindikiza hadi mlangoni, akageuka upesi ili tusimwone akifuta macho.

Njiani kurudi, tulipopita Tarasaa, karibu na kwetu, baba aliniangalia, akauliza, kwa upole sana, mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia jina la mama.

"Ah, yule namjua," akasema. "Nikifika nyumbani nitamsalimia kwa niaba yako."

Hakumaliza msimu ule wa mvua. Makaburi ya chini, alikozikwa mama, yalikuwa yamejaa maji, kwa hiyo tulimzika kwenye kilima nyuma ya kanisa, mbali na mama. Wajukuu zake wananiuliza mara kwa mara kwa nini tumewatenganisha. Nawaambia ni maji. Naona hawajaridhika, na mimi pia sijaridhika.