Mtungi wa Zabibu za Jabali

Nikusimulie asubuhi moja ya Nizwa, kule Omani, mwanangu, niliyolia mpaka macho yakavimba. Ilikuwa miaka ya sabini, mimi bibi harusi niliyetoka Unguja, Kiarabu changu cha kuokoteza. Mume wangu alikuwa kazini Maskati, nami nikikaa na mama yake, Bi Shamsa, mzaliwa wa juu jabalini, kule mizabibu inakoota kwenye mawe ya chokaa. Mkali kweli. Nikidhani hanipendi.

Zabibu zilipoletwa alinikamulisha kapu zima, tukatia maji yake mtungini tukaufunika kitambaa.

"Itakuwa siki. Usiiguse," akaniambia. Kisha akapanda jabalini kumwuguza dada yake.

Baada ya siku chache mtungi ukaanza kutoa povu, na harufu! Jirani aliyekuja kuazima kinu alinusa, akanitazama juu mpaka chini. Kufika jioni mtaa mzima wanasema mke aliyetoka Afrika anapika ulevi nyumbani kwa watu. Nilijua talaka yangu iko njiani. Kulipokucha, huku nalia, nikaubeba mtungi nikaumwage chini ya mitende.

Bi Shamsa akanikuta nao mlangoni, ndiyo kwanza anashuka garini.

"Rudisha ndani."

"Mama, unanuka ulevi!"

"Lazima unuke. Siki zote hupita hapo. Sabri, bibi, subiri."

Nilipomweleza maneno ya watu, hata buibui la safari hakulivua. Alitoka akasimama uchochoroni, akapaza sauti: "Mtungi ni wangu! Mwenye neno aje kwangu, wallahi!"

Hakuja mtu. Mimi nililia tena, safari hii kwa raha.

Sikukuu ilipofika siki ilikuwa tayari, kali na safi. Yule jirani alikula samaki wetu wa siki akajilamba vidole, akaomba chupa. Nikataka kumnyima. Bi Shamsa akanikonyeza.

"Mjazie. Na yeye alikuwa hajaiva."

Mwanangu, iko siku utaletewa mkamwana. Atakuunguzia wali, atakujibu ovyo, na majirani watakuja kukunong'oneza. Usimhukumu angali anachemka. Msubiri, na akisemwa, toka wewe usimame uchochoroni.

Mola akujaalie subira ya Bi Shamsa, na siku utakayosemwa wewe, akupe wa kukutokea mlangoni hata buibui hajalivua. Amin.